Gari Lililobadilishwa Mdomo

Majuzi jirani yangu alikuwa uani kwake akikata bomba la moshi la gari lake. Alikuwa amenunua midomo miwili ya kung'aa, ile inayofungwa mwishoni mwa ekzosi ili gari lipendeze kwa nyuma, na akaona aifunge mwenyewe nyumbani badala ya kwenda kwa mafundi mjini. Sikumwona. Nilisikia msumeno tu, kisha upepo ukavusha harufu juu ya ua wa kayaba: harufu ya chuma kilichopata moto kwa kukwaruzwa, na ya masizi ya miaka mingi yaliyolowa. Nilikuwa nachambua maharagwe. Niliyaacha kwenye ungo, nikaingia ndani, nikafunga dirisha. Mjukuu wangu aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia ni baridi.

Ninyi mliokua wakati wangu, upande huu wa mlima, mnakumbuka kwamba magari yalikuwa machache hata tukayajua kwa sauti, kama tunavyojua watu kwa mwendo. La kasisi lilipiga chafya kabla ya kuzima. La bwana shamba lililia gia. La baba yangu lilikuwa la kijivu, lilikuwa limepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia, na lilikuwa na sauti nzito ya chini, yenye mkwaruzo mwishoni. Lilipokuwa bado linapanda kutoka Ruring'u, sisi tulio nyumbani juu ya kilima tulishainjika chai. Halikuwa gari la starehe. Baba alilikodisha. Alibeba wazee wanaokwenda kuzungumzia mahari, akina mama walioshikwa na uchungu, mbegu za viazi, na wakati mmoja ndama aliyetoa kichwa dirishani njia nzima hadi Kutus.

Mama yetu alifariki alipokuwa akimzaa mdogo wetu wa mwisho, Kariuki. Kati yangu na yeye alikuwa Wambui. Mimi nilipewa jina la mama yake baba, kama ilivyo desturi yetu kwa binti wa kwanza, na kwa hiyo baba hakuniita kwa jina. Aliniita Maitu, yaani mama yangu, na alilisema kwa heshima yake yote hata aliponituma maji. Kariuki, mwana wa kwanza wa kiume, alibeba jina la marehemu babu. Basi mdogo wake baba, Ndirangu, tuliyemwita Baba Mdogo, alimwita mtoto yule Awa, yaani baba yangu, na bibi yetu, Cucu, aliyekuwa na nyumba yake hapo hapo bomani, alimwita mume wangu. Mgeni angedhani watu wa boma lile wamechanganyikiwa. Sisi tulilelewa tukijua kwamba hakuna anayekufa kabisa. Jina lake huhamia tu mahali pengine na kuendelea kuitwa.

Baba alikufa msimu wa baridi, ule wa ukungu na manyunyu, wakati ambapo jua huisahau Nyeri. Alikuwa amewapeleka wazee Kangari kwa mambo ya mahari. Mazungumzo yakachelewa, mvua ikageuza barabara za kule kwenye chai kuwa uji, wenyeji wakawaomba wageni walale. Nyumba ilikuwa ndogo. Baba akasema yeye atalala garini asiwabane. Akapandisha vioo, akawasha injini ili apate joto. Chini ya sakafu, pale bomba la moshi linaposhikana na silensa, palikuwa na ufa ambao hakuna aliyeujua, na juu yake sakafu ilikuwa imetoboka. Asubuhi walimkuta ameegemeza kichwa kwenye kioo, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho nje.

Watu wetu wa zamani waliogopa maiti kuliko kitu chochote. Hata baada ya kanisa kuja na majeneza na nyimbo, woga ule haukutoka. Uligeuka kuwa huruma kwa watoto. Mtoto mdogo hakuonyeshwa maiti wala kaburi. Siku ya maziko Kariuki na Wambui walipelekwa kwa jirani wakapewa viazi vitamu. Mimi niliachwa na sufuria za chai, na jiko letu lilitazama barabara, si shamba la kahawa ambako kaburi lilichimbwa. Nilisikia wimbo ukianza, nikausikia ukiisha, kisha nikasikia majembe. Niliendelea kuchochea moto. Niliambiwa mimi ni mkubwa, na mkubwa hahitaji kuonyeshwa.

Jioni Kariuki aliporudi aliuliza baba yuko wapi. Cucu ndiye aliyejibu, kwa sababu hakujua kusema uongo hata kwa mtoto.

“Baba yako alichukuliwa na moshi,” alimwambia.

Mtoto aliitikia kwa kichwa. Wote waliona ameelewa, wakamshukuru Mungu.

Baba Mdogo alikuja kutoka Kutus, ambako alikuwa akitengeneza pampu za maji, akiwa na sanduku la spana na koti moja. Alikuta ndugu wamekaa kutugawa: Wambui aende Karatina kwa shangazi, Kariuki abaki na Cucu, mimi nitafutiwe mjini nyumba ya kulea watoto wa watu. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema gari lipo na yeye ana mikono, tutakaa hapa sote. Shauri likaishia hapo. Shule mimi nilikuwa nimeshaiacha. Hakuna aliyeniachisha. Jumatatu ilifika, Kariuki alikuwa na homa, sikwenda, na hakuna aliyeniuliza.

Jambo la kwanza alilofanya Baba Mdogo ni kulala chini ya gari. Aliziba tundu la sakafuni, kisha ule ufa akauzungushia kipande cha mkebe wa mafuta ya kupikia na kukikaza kwa waya, mpaka atakapopata namna iliyo bora. Akaanza kazi. Abiria walipanda kwa kuwa hapakuwa na gari jingine, lakini walishusha vioo vyote hata katikati ya manyunyu, wakafika waendako wamelowa mabega. Hakuna aliyesema kwa nini.

Kariuki ndiye aliyetutia hofu. Alianza kukonda. Alichukua bakuli lake la githeri, yale mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, akatoka nalo nje, akarudi nalo likiwa tupu, na bado mashavu yakazidi kuingia ndani. Cucu alikuja kunishtakia. Alisema mume wake amegoma kula, labda anataka kuoa wa pili. Ulikuwa mzaha wake wa siku zote, ila macho yake hayakuwa na mzaha.

Kisha asubuhi moja Baba Mdogo alipowasha gari, likakwama, likatetemeka, likatema punje za mahindi. Zilitawanyika uani, nyeusi, zikitoa mvuke. Kuku walizikimbilia, wakazionja, wakaziacha. Wambui alicheka mpaka akakaa chini. Baba Mdogo alizikusanya kiganjani akazitazama, kisha akanitazama mimi.

“Maitu, ni nani analisha gari?”

Jioni hiyo nilimfuata Kariuki. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari, bakuli pembeni, shavu karibu na mdomo wa bomba. Alikuwa akiongea, si kwa sauti ya mchezo bali ile ya kutoa habari. Alisema Cucu amenuna leo. Alisema Wambui amevunja kikombe lakini asipigwe, kilikuwa na ufa tangu zamani. Akasema, kula, imepoa. Akaingiza punje kwa vidole, moja moja, kisha akageuza sikio akangoja.

Nilimuuliza anaongea na nani. Alishangaa kwamba sijui.

“Baba. Si alichukuliwa na moshi? Moshi unakaa hapa.”

Nilimwambia baba amezikwa kule kwenye kahawa, chini ya ardhi. Aliniuliza ni nani aliyemwona akizikwa, kama ni mimi. Nilimbeba nikampeleka ndani.

Nilirudi kufunga banda la kuku, giza likianza kuingia. Nilikuwa peke yangu uani. Niliinama, nikaweka sikio pale alipokuwa ameweka lake. Chuma kilikuwa baridi. Ndani palikuwa na mvumo, wa mbali, kama wa nyumba kubwa isiyo na watu. Baadaye maishani niliambiwa kwamba kila tundu huvuma hivyo, hata chungu. Wakati ule sikujua. Tangu jioni ile, kila nilipopita nyuma ya gari nilipita taratibu, na nikapunguza sauti kama mtu anayepita karibu na chumba cha mgonjwa.

Tulimkataza. Baba Mdogo alimkataza kwa upole, Cucu akamkataza kwa fimbo aliyoishika bila kuitumia. Lakini utamkataza vipi mtoto baba yake? Tuliendelea kuokota punje, na Baba Mdogo akazoea kuingiza kidole bombani kabla ya kuondoka, kama mama anayechungulia kinywa cha mtoto.

Asubuhi za baridi gari lile halikukubali ufunguo. Lilizungushwa kwa hendeli, kwa mbele, na mwenye kuzungusha huinama kabisa na haoni kilicho nyuma. Asubuhi ninayoisema, ukungu ulikuwa umekaa juu ya kahawa kama umeletwa kwa magunia. Nilikuwa natoka kwenye pipa la maji. Nilisikia injini ikikataa, ikikataa tena, kisha ikashika, ikaanza kuvuma. Nikaona nyuma ya gurudumu miguu miwili midogo, imetulia.

Alikuwa amelala kifudifudi. Nilipomgeuza, mdomo wake ulikuwa umezungukwa na duara jeusi la masizi. Alikuwa ameuweka pale, wote, kama mtu anayekunywa kwenye kibuyu. Nilimbeba nikakimbia naye kuelekea upepo unakotoka. Sijui ni nani alinifundisha. Baba Mdogo alizima injini akatufikia, tukamtikisa, tukampepea kwa leso yangu, tukamwita kwa majina yake yote. Midomo yake ilikuwa na wekundu ambao si wa afya. Alikaa kimya muda ambao sitaki kuukadiria. Kisha akatapika, akalia, na sisi tukakifurahia kile kilio.

Alipotulia alifungua macho, akanitazama, na uso wake ulikuwa umejaa furaha.

“Baba amenipulizia,” aliniambia.

Ndugu yangu sasa ana wajukuu, na habari hii haikumbuki. Nikimsimulia hutikisa kichwa kama anayesikia ya mtoto wa watu wengine. Wambui anakumbuka mahindi tu. Furaha ile usoni mwa Kariuki imebaki kwangu peke yangu, na ndiyo inayonirudia, kuliko kifo chenyewe cha baba, ambacho sikukiona. Kuna usiku huota ni mimi niliyeinama pale.

Baba Mdogo alikaa kwenye matope na mtoto mapajani. Alikuwa mtu mrefu, na siku hiyo alionekana mfupi. Alisema, si kwangu wala kwa Cucu aliyekuwa amefika mbio bila kilemba:

“Huyu ni awa. Nilimzika nikiwa kijana. Simziki tena.”

Gari halikuondoka siku hiyo, wala zilizofuata. Watu walikuja kuliulizia, akawarudisha kutoka langoni. Aliondoka kwa miguu kwenda mjini, akarudi na panda ya chuma begani, bomba moja linalogawanyika mawili kama manati, kazi ya fundi wa kuchomelea. Kisha akaingia ghalani akatoa pampu ya baba ya kunyunyizia kahawa, ile kuukuu yenye mtungi wa shaba, akailaza juu ya jiwe na kuanza kuikata.

Msumeno ulipoingia kwenye shaba nilihisi meno yangu yanauma. Alipata vipande viwili sawa, kila kimoja kama kikombe kirefu kisicho na kitako. Alichonga kigingi cha mti chenye ncha pana, akavivisha vile vipande juu yake, akavigonga kwa nyundo ya mbao polepole akivizungusha, mpaka midomo yao ikafunguka kama maua ya boga. Akavisugua kwa tupa, akavisugua kwa msasa, na mwisho akampa Wambui jivu na ndimu amalizie. Viling'aa hivi kwamba mtu aliweza kuona pua yake imevimba ndani yake. Wambui alijitazama humo mchana mzima.

Nilidhani nimemwelewa Baba Mdogo. Nilidhani amechoka kuendesha gari la marehemu, sasa anataka liwe lake. Atalipamba, kisha atajipamba mwenyewe, ataoa, na sisi tutakuwa wale watoto wanaokaa nyuma ya nyumba wakingoja makombo. Nilipika bila kumsemesha. Na sikuwa peke yangu katika kudhani hivyo. Jirani yetu Gathogo, mwashi, mtu wa maneno mengi, alikuja akasimama kwenye ua, ameshika kamba ya mbuzi wake. Gari lilikuwa juu ya jeki na mawe, na miguu ya Baba Mdogo ndiyo iliyoonekana.

“Ndirangu, ati sasa gari unaivalisha hang'i?” aliuliza. Hang'i ni mapambo ambayo wazee wetu wa zamani walivaa masikioni. “Hata matanga haijapoa. Bibi umepata wapi, Kutus ama Karatina?”

“Nilianza kutafuta kwako,” sauti ikajibu kutoka chini ya gari. “Nikaona wasichana wamekufanana.”

Gathogo alicheka mpaka akashika mti wa ua. Akamfunga mbuzi wake hapo karibu na kamba yetu ya nguo, akaketi juu ya debe kutazama kazi, kwa sababu wakati ule mtu akifungua gari, hiyo ilikuwa sherehe ya kijiji.

Baba Mdogo aliniita nije chini. Nililala chali kwenye gunia kando yake. Sikuwahi kuliona gari la baba kutoka upande ule. Lilikuwa kama tumbo la ng'ombe, na matope ya kila safari yalikuwa yamekauka hapo, tabaka juu ya tabaka, na labda ya Kangari nayo yalikuwemo. Alikuwa amefungua ule mkebe. Alinishika kidole akakipeleka.

“Ni hapa,” alisema.

Ufa ulikuwa mwembamba hata ukucha wangu haukuingia. Kando yake masizi yalikuwa yamechora mstari, yakapanda hadi pale dereva anapoweka miguu. Nilikuwa nimedhani kitu kilichomuua baba yangu kitakuwa kikubwa. Tulilala pale, mimi na yeye, tukautazama.

Nilimuuliza kwa nini amekata pampu ya baba. Nilimuuliza vibaya, kama mtu anayemshika mwizi. Hakukasirika. Aliendelea kulegeza nati, akinena huku pumzi ikimbana.

“Huu mdomo Awa ameuzoea. Ameulisha, ameuongelesha, juzi amenyonya. Nikiuacha, ataurudia siku ile nimeinama huko mbele. Nataka aje akose ule anaujua. Na akipata mwingine hapo, uwe kitu ya baba yake pia, asione ni adui amekuja. Huo mpya utaangalia chini. Mtoto hawezi kufikisha uso hapo.” Nati ikalegea. “Wacha waseme ni maringo. Maringo haijaua mtu.”

Nilitoka chini ya gari na sikumnunia tena, siku ile wala siku nyingine.

Alipoanza kukata bomba lenyewe, Kariuki alikuwa mapajani mwa Cucu, mlangoni. Tulimweka mbali, lakini sauti haikukaa mbali. Msumeno ulilia, vumbi la chuma likaanza kushuka, na mtoto akasimama. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti nyembamba, “Mnamkata,” akaanza kutetemeka mwili mzima. Cucu alimshika. Aliutazama ule mtetemeko, na nikaona uso wake ukibadilika, uso wa mtu aliyekumbuka sufuria aliyoiacha motoni.

“Tulimficha,” alisema. “Huyu mtoto tulimficha maziko.”

Bomba lilikatika, likaanguka kwenye gunia. Kilikuwa kipande kilichonyooka, kama urefu wa mguu wa mtu mzima kutoka goti hadi wayo. Baba Mdogo alilitoa, akaligonga kwenye jiwe. Masizi yalimwagika, na punje za mahindi, na maharagwe, nyingine mbichi, nyingine mkaa. Baba Mdogo alimwendea mtoto, akapiga magoti, akampa bomba mikononi.

“Angalia ndani, Awa. Mtafute.”

Kariuki alilishika kwa mikono miwili. Lilimlemea. Baba Mdogo akamsaidia kuinua, na yeye akaweka jicho. Alitazama kwa muda mrefu sana. Sisi sote tulikuwa tumesimama, na Mungu anisamehe, mimi nilikuwa nangoja aseme amemwona.

“Unaona nani?”

“Mbuzi.”

“Mbuzi gani?”

“Ya Gathogo. Anakula rinda ya Wambui.”

Gathogo aliruka kutoka juu ya debe. Wambui akamfuata akipiga yowe, na kweli nusu ya rinda ilikuwa imeshaingia. Tulicheka, Cucu akajifuta macho kwa leso, na nilishtuka kusikia kicheko uani petu, kama mgeni aliyeingia bila kubisha. Kariuki hakucheka. Aligeuza bomba, akachungulia kwa upande wa pili, ili awe na hakika. Kisha akalishusha.

“Hayuko,” alisema.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono tu. Baba Mdogo aliondoa kipande kilichobaki, chenye ufa, akaunga panda mahali pake, akaikaza kwa vibano na nati mpaka spana ikakataa. Midomo ya shaba aliivisha kwenye yale matawi mawili, ikayumba, akaitoa, akaizungushia ndani ukanda wa bati, akairudisha, ikakaa. Akaielekeza chini. Mimi nilimshikia, na Gathogo, ambaye sasa alikuwa na aibu ya mbuzi wake, alishika upande wa pili bila kutania. Kisha ikazungushwa hendeli, na kabla ya kuizungusha Baba Mdogo alikuja nyuma kwanza akatuhesabu kwa macho.

Gari lilianza na sauti nisiyoijua. Ilikuwa nyepesi, ya watu wawili wanaoongea pamoja. Mkwaruzo haukuwepo. Kariuki alisimama mlangoni ameshika nguzo, akasikiliza, nami nilimwangalia miguu, kama itakimbia. Haikukimbia.

“Hiyo ni gari tu,” alimwambia Wambui, akaomba chakula.

Baba Mdogo alitaka kukitupa kile kipande alichochungulia Kariuki kwenye rundo la vyuma. Cucu alimkatalia. Alikuwa mama wa kanisa, mwenye kitambaa cha umoja wa wanawake, na mambo ya kale aliyaita ya giza. Lakini alisema kwamba kitu ambacho mtu amekiongelesha hakitupwi kama mfupa. Aliagiza jembe. Akamshika Kariuki mkono, na Wambui, akatuongoza sote kwenye kahawa, hadi kwenye kaburi la baba. Ndiyo mara ya kwanza wale watoto kuliona. Ndiyo mara ya kwanza mimi kuliona. Tangu siku ya maziko, kila mara nilikuwa na kazi upande mwingine wa shamba. Lilikuwa dogo kuliko nilivyofikiri, na nyasi zilikuwa zimeshaanza.

Baba Mdogo alichimba shimo miguuni pa kaburi. Kariuki mwenyewe ndiye aliyelaza bomba ndani. Cucu alishika udongo, akasema jina la mwanawe kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita kula, akautupa. Baba Mdogo akatupa. Wambui akatupa. Kariuki alitupa mara mbili, kwa sababu alipenda jinsi chuma kilivyolia.

Nikabaki mimi. Udongo wangu nilikuwa nao mkononi, wote wakiningoja, na mkono haukufunguka. Sikulia. Nilijua tu kwamba mpaka saa ile nilikuwa namshikia nafasi mtu aliyechelewa njiani. Niliwaosha hawa watoto, nikawalisha, nikawalaza, ili akifika asikute kasoro. Nikiuachia udongo ule, hafiki tena, na mkubwa wa nyumba ni mimi. Nilisema githeri itaungua. Cucu akasema iungue.

Kariuki alikuja akasimama mbele yangu. Mikono yake ilikuwa na masizi hadi viwiko. Alishika kidole changu kimoja, akakikunjua, akashika kingine, kwa utulivu, kama anayemenya njegere.

“Hayuko ndani,” aliniambia polepole, kama mtu mzima anayemweleza mtoto. “Mimi niliangalia.”

Udongo ulianguka, ukagonga chuma. Tulisimama sote tukisikiliza, hata Cucu, kama watu waliobisha hodi mahali na bado wanangoja. Kisha Baba Mdogo akachukua jembe.